Nyumbu wa Serengeti wamepata wakili, ng'ombe wetu je?

 

Ndugu msomaji, leo naomba nikupeleke Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, na vijiji vinavyopakana na hifadhi, ambako nimefanya kazi ya ubwana mifugo kwa miaka mingi kabla sijastaafu. Nina kisa kimoja ambacho kimenifanya nisome mambo ambayo bwana mifugo wa kijijini hakutarajiwa kuyasoma: mikataba ya kimataifa, hukumu za mahakama, maazimio ya Umoja wa Mataifa.

Ilikuwa mwaka 2014, wiki chache baada ya Mahakama ya Afrika Mashariki kutoa hukumu juu ya barabara ya Serengeti. Niliitwa na mzee mmoja wa Kikurya ambaye dume lake la plau lilikuwa limerudi kutoka malishoni likivuta mguu. Nilipoangalia nikakuta waya umezama kwenye mguu wa nyuma, juu ya kwato, mpaka umefika kwenye mfupa. Ulikuwa waya wa aina ile ile inayotegwa kwa ajili ya nyumbu. Waya haujui nyumbu wala ng'ombe, unamkamata anayepita. Tulimlaza kwa kamba, tukaukata kwa koleo, nikasafisha, nikamchoma sindano. Wakati nanawa mikono mzee akaniuliza: "Bwana mifugo, nasikia redioni kuna watu wa Nairobi wamewaandikia nyumbu kesi Arusha, na wameshinda. Ng'ombe wangu nani atamwandikia?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mzee wangu, hilo ni la wakubwa." Akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekwishajua kuwa hutamsaidia. Makala haya ni jibu langu, limechelewa zaidi ya miaka kumi.

Uhifadhi na ustawi si kitu kimoja

Kwanza tuelewane juu ya maneno mawili ambayo watu wengi, wakiwemo maofisa, huyachanganya. Uhifadhi unahesabu aina na makundi. Mhifadhi anauliza: nyumbu wapo wangapi, wanaongezeka au wanapungua? Wakiwa milioni moja na laki tatu, kama wanavyokadiriwa kwa Serengeti na Mara, analala usingizi. Ustawi wa wanyama unamwangalia mnyama mmoja mmoja: huyu aliyenasa shingo tangu juzi, ana maji? Anaumwa? Ana hofu?

Katika fani yetu ya mifugo tunafundishwa uhuru wa aina tano ambao ulianzia Uingereza, kwanza katika ripoti ya kamati ya Brambell mwaka 1965. Mnyama asiachwe na njaa wala kiu, asiwekwe mahali pa kumtesa, asiachiwe maumivu na maradhi bila tiba, apewe nafasi ya kuishi kwa maumbile yake, na asitiwe hofu na mateso. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Waulizeni watendaji wa vijiji kumi kama wamewahi kuiona nakala yake.

Kwa Muislamu hakuna jipya hapo. Tumekulia na kisa cha mwanamke aliyestahiki moto kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na kisa cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Angalia vizuri: paka alikuwa mmoja na mbwa alikuwa mmoja. Hakuna aliyeuliza paka wa mji ule wamebaki wangapi.

Tatizo ni kwamba dunia ya mikataba haikujengwa hivyo. Mikataba mikubwa ya mazingira imejengwa juu ya hesabu za aina na makundi. Mnyama mmoja anayeumia hana kiti pale mezani. Basi anayetaka kumtetea afanye nini? Hapa ndipo penye somo, maana wapo Waafrika wenzetu waliotafuta njia na wakaipata, wakapita kwa mlango wa mazingira.

Waya

Kabla sijafika mahakamani niseme neno juu ya waya, maana asiyeuona hawezi kuelewa uzito wa jambo. Wanaotega hawahitaji bunduki. Waya wa kawaida unakunjwa kitanzi, unafungwa kwenye mti, na kinawekwa kwenye njia ya wanyama kwa urefu wa shingo. Mtu mmoja anaweza kutega makumi kwa usiku mmoja, na mingine anaisahau. Mnyama anaponasa huvuta, na kila anavyovuta ndivyo kitanzi kinavyokaza. Akiwa na bahati anakufa haraka. Asipokuwa na bahati anaukata waya na kuondoka nao. Nimewaona pundamilia wanatembea na waya shingoni, nyama imeota juu yake.

Watafiti Dennis Rentsch na Craig Packer waliandika mwaka 2015 kwamba kwa hesabu ya nyama inayoliwa na kaya za vijiji vinavyozunguka hifadhi, nyumbu kati ya 97,000 na 140,000 huondoka kwa njia hiyo kila mwaka. Mwaka 2017 Shirika la Frankfurt, likisaidiwa na wafanyabiashara wa utalii na TANAPA, lilianzisha kikosi cha kupita porini kwa miguu kutegua nyaya, na nyaya zilizotolewa ni maelfu kwa maelfu. Ni kazi nzuri. Lakini wanaotega ni jirani zetu, na wanaokula ni sisi.

Niruhusuni nitoke nje ya mada kidogo. Sisi Waislamu wa Mugumu na Tarime ni wachache na tunajuana. Najua nyumba ambazo kimoro, hiyo nyama kavu ya porini, inaingia jikoni na hakuna anayeuliza. Ndugu zangu, mnyama aliyenyongwa na kitanzi mpaka akafa ametajwa kwa jina lake katika Suratul Maida miongoni mwa vilivyoharamishwa. Huhitaji mwanachuoni kutoka Zanzibar kuja kukufafanulia. Mtu anayekataa nyama ya buchani kwa kuwa hajui nani kachinja, jioni anakula nyumbu wa waya kwa sababu ni wa bei nafuu! Turudi kwenye mada.

Kesi ya barabara

Mwaka 2010 serikali yetu ilikuwa na mpango wa barabara kuu kutoka Musoma kwenda Arusha kwa njia ya kaskazini: Natta, Mugumu, Tabora B, Kleins Gate hadi Loliondo. Kipande cha kilometa 53 kilikuwa kipite ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, sehemu ya kaskazini, mle mle ambamo nyumbu hupita wakienda na kurudi kutoka Maasai Mara.

Nisiwe mnafiki. Wakati ule mimi nilikuwa upande wa barabara, na karibu kila mtu Mugumu alikuwa hivyo. Aliyewahi kumsindikiza mama mjamzito kwenda Musoma wakati wa masika, gari likikwama kwenye tope, haombi ruhusa ya nyumbu ili apate lami. Rais Kikwete aliutetea mpango huo hadharani, na sisi tulimpigia makofi. Wanasayansi waliandika katika jarida la Nature mwaka huo huo wa 2010 kwamba barabara hiyo ikiwakata nyumbu na maji ya mto Mara, idadi yao ingeweza kushuka chini ya laki tatu. Tulisema hao ni Wazungu wanaopenda wanyama kuliko watu.

Aliyekwenda mahakamani hakuwa Mzungu. Lilikuwa shirika la Nairobi liitwalo Africa Network for Animal Welfare, kwa kifupi ANAW, na mwanzilishi wake ni Mkenya, Josphat Ngonyo. Linalonivutia kwa mtu huyu ni alikoanzia. Kabla ya ANAW aliongoza vijana waliokuwa wakiingia katika hifadhi za Kenya kutegua nyaya kwa mikono. Nadhani mtu akitegua nyaya kwa muda mrefu hufika mahali akajiuliza: je, nitegue waya mmoja mmoja mpaka nife, au niende mahali ambapo maamuzi yanatoka?

Mwezi Desemba 2010 ANAW iliishitaki Serikali ya Tanzania, kupitia Mwanasheria Mkuu wake, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha. Ni shauri namba 9 la mwaka 2010. Wengi wetu hatukujua kuwa jambo kama hilo linawezekana, kwamba shirika la Kenya linaweza kuishitaki serikali ya Tanzania juu ya ardhi ya Tanzania. Linawezekana kwa sababu ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao tuliusaini wenyewe mwaka 1999. Ibara ya 30 inampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama haki ya kupeleka mahakamani jambo la serikali ya nchi mwanachama linalopingana na Mkataba. Serikali yetu ilipinga ikisema mahakama haina mamlaka. Ikashindwa katika hoja hiyo, kesi ikaendelea.

Sasa tazama ufundi wa hoja. ANAW ni shirika la ustawi wa wanyama, lakini halikusimama mbele ya majaji kulilia maumivu ya nyumbu atakayegongwa na lori. Mkataba hauna kifungu cha maumivu ya nyumbu. Una vifungu vya mazingira: nchi wanachama ziliahidi kutunza mazingira na kutumia maliasili kwa njia endelevu, kushirikiana katika jambo hilo, na kujizuia na hatua zinazohatarisha malengo ya Mkataba. Hoja ikajengwa hapo. Serengeti na Maasai Mara ni mwili mmoja, mto ni mmoja, wanyama ni wale wale. Ukikata upande mmoja umekata na wa jirani. Serengeti pia ni urithi wa dunia tangu 1981, kwa hiyo Tanzania ilikuwa na ahadi nyingine UNESCO.

Ahadi hiyo ya UNESCO ilifanya kazi hata kabla ya hukumu. Mwezi Juni 2011, wakati Kamati ya Urithi wa Dunia imekutana Paris, Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Ezekiel Maige, aliiandikia kwamba barabara ya ndani ya hifadhi itabaki ya changarawe, chini ya usimamizi wa TANAPA, kwa ajili ya utalii na utawala. Barua moja ilifanya ambalo mikutano yetu yote ya kijiji isingelifanya. Ndiyo maana nasema vijana wetu wajue barua za namna hiyo zinaandikwa wapi na kwa nini.

Tarehe 20 Juni 2014 mahakama ilitoa hukumu. Ilisema barabara ya lami kukatiza hifadhi, kwa namna ilivyopendekezwa awali, ingekuwa kinyume cha Mkataba, ikaizuia serikali kuitekeleza. Lakini haikuifunga mikono yote: serikali ilibaki na haki ya kuandaa mipango mingine isiyoharibu mazingira. Serikali ilikata rufaa, na mwezi Julai 2015 kitengo cha rufaa kikaiacha hukumu isimame kwa sehemu yake kubwa. Lami iliyoendelea kuwekwa katika ukanda huo imekuwa ya nje ya hifadhi.

Niliisoma hukumu hiyo mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na hasira. Mara ya tatu nilikuwa na wivu. Watu hawa walichukua ahadi ambayo serikali ilishaitoa yenyewe, wakaishikilia. Hawakuomba huruma.

Nairobi, Machi 2022

Baada ya hapo nilianza kufuatilia. Katika mji wa Nairobi, eneo la Gigiri, yapo makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP. Ni mwendo wa siku moja kwa basi kutoka Sirari. Tangu 2017 ANAW na UNEP wamekuwa wakiandaa mkutano wa ustawi wa wanyama wa Afrika. Wako waliosema ni mikutano ya chai. Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo.

Lakini tarehe 2 Machi 2022 Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika kikao chake cha tano, lilipitisha azimio juu ya uhusiano wa ustawi wa wanyama, mazingira na maendeleo endelevu. Ni mara ya kwanza ustawi wa wanyama kutajwa kwa jina lake katika azimio la chombo hicho. Lililetwa na Ghana ikiungwa mkono na nchi kama Ethiopia, Burkina Faso, Senegal, Sudan Kusini, Kongo na Pakistan. Wale wanaosema ustawi wa wanyama ni anasa ya Ulaya waisome tena orodha hiyo.

Azimio hilo halimlazimishi mtu. Liliagiza UNEP iandae ripoti kwa kushirikiana na mashirika ya chakula, afya ya binadamu na afya ya wanyama. Mtu atasema: ripoti tu? Naam, ripoti tu. Lakini hata kifungu cha mazingira katika Mkataba wa Afrika Mashariki kilikuwa maneno tu kuanzia 1999 mpaka mtu alipokipeleka mahakamani. CITES, mkataba wa 1973 wa biashara ya viumbe walio hatarini, una maneno yanayotaka mnyama hai asafirishwe kwa namna ya kupunguza hatari ya kuumia na kutendewa ukatili. Ni maneno machache kwenye mkataba mrefu, na mwaka 2019 huko Geneva nchi za Afrika zenye tembo zilipigania zuio la kuwakamata tembo wa porini na kuwapeleka kwenye bustani za wanyama ng'ambo, zikashinda kwa sehemu kubwa.

Jambo moja la kusikitisha na la kuchekesha kwa pamoja: mwezi ule ule wa Machi 2022, maji ya mto Mara upande wetu yaligeuka meusi na samaki wakafa. Serikali iliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikaja na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na majani yaliyooza. Watu wa Mara hawajaacha kulicheka jibu hilo. Mimi sina maabara, sitabishana na maprofesa. Nasema tu kwamba siku ile ng'ombe wetu waliingia katika siasa za mazingira, wakaingia kama washitakiwa. Miaka 13 kabla, Mei 2009, mto Tigithe huko Tarime ulipoingiwa na maji machafu kutoka eneo la mgodi wa North Mara, wananchi walilalamika kuwa mifugo yao imekufa. Ng'ombe hao walikuwa walalamikaji, na hawakuwa na ANAW yao.

Punda

Kama unataka mfano wa mnyama wa kufugwa aliyefika kwenye meza ya wakubwa, ni punda. Kwa miaka kadhaa ngozi ya punda imekuwa ikitafutwa ili kutengeneza dawa ya Kichina iitwayo ejiao. Kenya ilifungua machinjio ya punda kuanzia 2016. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu punda karibu milioni 1.8, ya 2019 ikawakuta chini kidogo ya milioni 1.2. Aliyemiliki punda akawa halali usingizi. Kenya ikapiga marufuku mwaka 2020, wenye machinjio wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2021 marufuku ikafutwa. Tanzania nayo ilipiga marufuku, ikalegeza, ikarudia tena.

Kwa mtu wa mpakani hili ni somo tosha. Nchi moja ikifunga na jirani akaacha wazi, punda huvuka usiku. Mama anayebebewa maji na punda wake wa pekee huamka akakuta kamba imekatwa. Kwa hiyo jambo likapelekwa juu zaidi. Desemba 2022 ulifanyika mkutano wa punda wa Afrika nzima, pale pale Dar es Salaam, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika huko Addis Ababa wakakubali kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Hoja iliyowafikisha hapo haikuwa huruma peke yake. Ilikuwa riziki ya maskini, hasa akina mama, na huruma ikapanda mgongoni mwake.

Manung'uniko yana haki

Tusidanganyane. Ukienda leo Robanda, Bonchugu au Park Nyigoti ukahubiri ustawi wa tembo, utasikilizwa na mtu ambaye shamba lake la mahindi limeliwa usiku mmoja. Kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni moja kwa aliyeuawa na mnyama mkali. Milioni moja kwa baba wa watoto sita! Ukienda Tarime, katika kata zinazopakana na hifadhi, utakutana na wafugaji wa mgogoro wa mipaka, ambao ng'ombe wao walikamatwa na kupigwa mnada. Hawa wanajua sheria moja tu ya mazingira, ile inayowachukulia mali.

Hapo ndipo naona kasoro kubwa ya siasa ya kimataifa ya mazingira, na nasema hivi nikiwa nimeikubali hukumu ya Arusha. Nyumbu anatajwa kwa sababu ni urithi wa dunia na analeta watalii. Ng'ombe aliyekamatwa akashindishwa bila maji siku tatu akisubiri mnada hatajwi, ingawa kiu yake ni kiu ile ile. Kama ustawi ni wa mnyama mmoja mmoja, basi na huyo ni mnyama. Kijana wa Tarime aliyesoma sheria angeweza kulisema hilo Gigiri vizuri kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu amelala zizini na anajua ng'ombe mwenye kiu anavyolia. Azimio la 2022 halikubagua mnyama wa porini na wa kufugwa. Mlango upo. Hakuna aliyeupita kutokea kwetu.

Kwa vijana wanaouliza waanzie wapi

Kila ninapozungumza haya kijana huniuliza asome nini. Sheria inasaidia, hasa ya mazingira na ya kimataifa. Udaktari wa mifugo pale Sokoine, Morogoro, unasaidia kwa namna nyingine: daktari akisema mnyama huyu aliteseka saa ngapi na kwa sababu gani, wakili anapata cha kusimamia. Elimu ya wanyamapori ya Mweka pia. Lakini cheti bila kusoma nyaraka ni bure. Soma Mkataba wa Afrika Mashariki, sura ya mazingira, ni fupi. Soma sheria yetu ya 2008. Jua kwamba kwenye mahakama ya Arusha muda wa kufungua shauri ni miezi miwili tu tangu jambo litokee au ulijue, na wengi wamepoteza kesi nzuri kwa kuchelewa. Weka kumbukumbu: tarehe, mahali, picha. Kesi ya barabara haikushinda kwa kelele.

Usidharau pia mikutano midogo. Kila tarehe 15 Septemba tangu 2012 Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara, kwa zamu, juu ya mto wetu. Maofisa wa pande zote huja. Nimehudhuria mara mbili, na mara zote mbili nimesikia hotuba juu ya misitu ya Mau, juu ya maji, juu ya nyumbu. Mara ya pili nilinyoosha mkono nikauliza juu ya nyaya na juu ya ng'ombe wanaokamatwa. Mwenyekiti wa kikao alisema muda umekwisha, ila mama mmoja kutoka upande wa Kenya alinifuata nje akaandika maneno yangu kwenye daftari lake.

Yule mzee wa dume la plau bado yupo. Dume lilipona, likalima misimu mingine minne likichechemea. Mwaka jana nilimpelekea habari za azimio la Nairobi, nikamweleza kwa Kiswahili na mjukuu wake akamalizia kwa Kikurya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hiyo karatasi ipo kwa Kiswahili. Haipo kwangu. Hata hukumu ya Arusha, inayotuhusu sisi wa Mugumu kuliko mtu mwingine, niliyo nayo ni ya Kiingereza kitupu. Kwa hiyo nimeanza kuitafsiri mwenyewe baada ya isha, kurasa mbili tatu kwa usiku, na mjukuu huyo, ambaye yuko kidato cha tano, ananisaidia pale maneno ya kisheria yanaponishinda. Tumefika kwenye hoja za serikali.